Kuchagua Kifaa cha Kwanza cha GPS: Niliyojifunza katika Misonobari ya Mafinga

Mwalimu anaponunua zana ya kufundishia kwa fedha yake mwenyewe, aghalabu huinunua kwa macho. Nami nilifanya hivyo mwaka 2018, nilipokuwa nikifundisha Maarifa ya Jamii katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Mafinga, na tena nikiwa mlezi wa maskauti wa shule hiyo. Nilitaka kifaa cha GPS ili watoto wacheze mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa kwa kufuata namba za mahali. Nikanunua kifaa kisichofaa, na kwa kosa hilo watoto sita walikaa karibu saa nzima ndani ya ukungu katika shamba la miti. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyelia. Lakini mimi sijaisahau saa ile, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi wanachuo ambao kesho mtapangiwa shule zenu, na ambao huenda mkashikwa na hamu ile ile niliyokuwa nayo.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashi. Mtu huficha kopo au sanduku dogo, ndani yake huweka kijitabu cha kuandikia majina pamoja na vitu vichache vya kubadilishana, kisha hutangaza viwianishi vya mahali hapo, yaani namba zake za latitudo na longitudo. Anayetafuta huziingiza namba hizo katika kifaa chake, hufuata mshale mpaka karibu, na hatua za mwisho hutafuta kwa macho. Asili yake ni Marekani, na siku yake ya kuzaliwa yajulikana. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya nchi hiyo, ambayo ndiyo mwenye setilaiti za GPS, ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi ishara zilizoachiwa raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei uvurugaji huo ulikomeshwa, na kosa likashuka ghafla hadi mita kumi au ishirini. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza namba zake, na watu wakaifuata wakaipata. Watoto wetu ambao wamecheza kombolela tangu hawajaanza shule hawahitaji kuelezwa mara mbili. Nilipowaambia kwamba hii ni kombolela ya ramani, darasa zima lilinyanyua mikono.

Kwa mwalimu, thamani ya mchezo huu ni kwamba unalazimisha ramani ikutane na ardhi. Sote tumeona mtoto anayeweza kukariri kuwa skeli ya 1:50,000 maana yake sentimeta moja ni nusu kilometa, lakini ukimpeleka nje ukamwambia aoneshe nusu kilometa, huonesha mti ulio hatua mia moja. Shule yetu ilikuwa na karatasi moja tu ya ramani ya 1:50,000 ya eneo letu, kuukuu, iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo ikawa myeupe. Niliipenda sana ramani ile. Nasikitika kusema kwamba nilipokwenda kununua kifaa, sikuichukua.

Nilikwenda Iringa, mwendo wa kilometa 80 hivi, na katika duka moja la vifaa vilivyokwisha kutumika nikaoneshwa viwili. Kimoja kilikuwa kidogo, kinene, chenye skrini ya kijivu na namba tupu. Cha pili kilikuwa kipana, chenye ramani ya rangi, na kilisema kwa sauti. Hiki cha pili kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya madereva, nami nililijua hilo. Lakini bei yake ilikuwa nafuu, na nilikwisha kuwaona watoto kwa macho ya moyo wakikizunguka na kukishangaa. Nikakichukua. Njiani kurudi, ndani ya basi, nilikiwasha nikaona barabara kuu ya Tanzania na Zambia imechorwa kama uzi mmoja, na pande zote mbili za uzi huo hapana kitu: si kijiji, si kijito, si msitu. Hilo lilitosha kunionya, laiti ningelikuwa tayari kuonywa.

Wale wasioijua nchi yetu yafaa niwaeleze kidogo. Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi, iko juu, kwenye baridi, na jirani yake ni shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Misonobari, ambayo huku kwetu watu huiita paini, imepandwa kwa mistari iliyonyooka, na mistari hiyo ndiyo hatari yake kwa mgeni. Katika msitu wa asili kila mti una sura yake. Katika shamba la paini, ukigeuka mara tatu umekwisha kusahau ulikotoka, kwa sababu kila upande ni ule ule. Na ukungu wa Mufindi ukishuka, hata mistari huiona mitatu tu.

Niliomba ruhusa kwa wasimamizi wa shamba, nikapewa. Siku ya Ijumaa nilikwenda peke yangu nikaficha kopo la kahawa ya Africafe chini ya mizizi, mahali ambapo barabara ya kukinga moto inavuka kijito. Mahali hapo panaonekana wazi katika ramani. Kwa hiyo nilirudi nyumbani, nikatandaza ramani mezani, nikachukua rula, nikapima kutoka alama za dakika zilizo pembezoni mwa karatasi, nikapata latitudo na longitudo ya kopo. Nilipima mara mbili. Nilijua kwamba katika skeli ile milimeta moja ni mita 50, na nikajisifu kwamba sikukosea hata nusu milimeta.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulifika na maskauti kumi na wawili. Kundi la kwanza la watoto sita nililipa kifaa, nakala ya ramani, dira moja na filimbi, nikalielekeza lifuate mshale. Kundi la pili lilibaki na mwalimu mwenzangu barabarani. Mimi nilitangulia kwa njia ya mkato nikakaa karibu na kopo, ili nione furaha yao wakilipata. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana mlezi hakai mwisho wa safari kusubiri sifa, bali hukaa mahali anapoweza kuwaona watoto.

Nikasubiri dakika ishirini, kisha arobaini. Ukungu ulishuka taratibu, na paini zikaanza kudondosha maji kama mvua ndogo. Niliita, na sauti yangu ilimezwa palepale. Wanachuo, sitawaelezea mambo yaliyonipitia kichwani wakati ule; kila mwenye dhamana ya mtoto wa mtu mwingine atayajua siku yake ikifika. Ndipo nikasikia filimbi, mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena, kutoka upande wa kaskazini, nyuma ya kilima, mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote ya wao kuwapo.

Niliwakuta wameketi katika duara, migongo ndani. Kifaa kilikuwa kimezimika, kwani betri yake ya ndani haikuundwa kukaa mbali na gari kwa muda mrefu. Binti mmoja wa darasa la tano, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kushika ramani, alisimama akanieleza kwa heshima, bila lawama:

"Mwalimu, kifaa kilisema tumefika. Lakini ramani inasema tukifika tutaona kijito, na kijito hakipo. Wenzangu walitaka tuendelee kutafuta. Nikawaambia tukae hapa hapa, tupulize filimbi."

Walikuwa zaidi ya mita 200 kutoka kwenye kopo. Rula yangu haikukosea hata mita 50. Nilirudi nyumbani nikapima tena, nikapata namba zile zile. Kwa muda wa wiki mbili niliamini kwamba kifaa kilikuwa kibovu.

Aliyenitoa gizani ni Bwana Miti mmoja aliyekuwa akija shuleni kutupatia miche. Nilipomsimulia, hakukitazama kifaa kabisa. Aliomba ramani, akaigeuza, akaweka kidole pembeni chini, kwenye maandishi madogo ambayo kwa miaka yote niliyafunika kwa mkono wangu wakati wa kufundisha. Hapo palikuwa pameandikwa kwamba ramani imechorwa kwa kufuata sferoidi ya Clarke ya mwaka 1880 na datumu ya Arc 1960. Akaniuliza, "Na kifaa chako kinatumia datumu gani?" Sikujua kama kifaa kina datumu.

Jambo hili ndilo kiini cha makala yangu, kwa hiyo nitalieleza polepole. Dunia si mpira kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Ili kuipima, wapimaji hubuni umbo la hesabu linalokaribiana na dunia, kisha hulifunga umbo hilo mahali fulani, na kutoka hapo huhesabu latitudo na longitudo. Umbo na mafungo yake kwa pamoja ndiyo datumu. Datumu ya ramani zetu za zamani ilitokana na upimaji mkubwa uliofuata longitudo ya 30 mashariki, kutoka Afrika ya Kusini hadi Misri, kazi aliyoianzisha David Gill katika karne ya 19 na ambayo ilikamilika mwaka 1954. Jina Arc latokana na tao hilo la kipimo. Setilaiti za GPS kwa upande wake hutumia datumu ya dunia nzima iitwayo WGS 84. Ni kama watu wawili wanaohesabu nyumba za mtaa mmoja, mmoja akianzia msikitini na mwingine akianzia sokoni. Wote wawili watataja nyumba ya kumi, wala hakuna mwongo kati yao, lakini barua itafika kwa mtu asiyehusika.

Katika sehemu zetu za Mufindi, tofauti ya hesabu hizo mbili ni mita 200 hadi 300 hivi, kutegemea kama unasoma kwa digrii au kwa mistari ya gridi. Ukichukua namba kutoka katika ramani ya Arc 1960 ukaziingiza bila mabadiliko katika kifaa kilichowekwa WGS 84, kitakupeleka kaskazini kupita kiasi, na kidogo magharibi. Ndiko walikokwenda watoto wangu. Vifaa vingi vya kushika mkononi, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watembea kwa miguu, vina mahali pa kuchagua datumu, na Arc 1960 imo katika orodha. Kile nilichokinunua mimi hakikuwa na mahali hapo. Kilikubali digrii tu, na kilikubali WGS 84 tu. Hata ningelijua kosa, nisingeliweza kulirekebisha isipokuwa kwa hesabu ya pembeni ambayo si ya darasa la tano.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: je, kifaa hiki kinaweza kukubaliana na ramani iliyomo kabatini kwangu? Chukua ramani uende nayo. Mwombe muuzaji akufungulie sehemu ya mipangilio, utafute mambo mawili: namna ya kuonesha mahali, na datumu. Kama muuzaji hajui, tafuta mwenyewe, wala usione haya. Kama hayapo, rudisha kifaa mezani hata kiwe kizuri namna gani.

Katika namna ya kuonesha mahali, mimi napendelea gridi ya UTM kwa watoto kuliko digrii. Wachezaji wa jiokashi duniani hutumia digrii na dakika zenye desimali tatu, na sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni pungufu kidogo ya mita mbili. Ni hesabu nzuri kwa darasa la saba. Lakini gridi ni mita tupu. Mtoto akisimama penye 753 370 na kopo liko 753 420, anatoa, anapata hamsini, anajua kwamba aende mita hamsini mashariki. Hahitaji mshale. Mafinga iko katika kanda ya 36, na mbele ya namba kifaa huandika herufi L. Ukiwa Iringa mjini utaona herufi M, kwani mpaka wa herufi hizo ni latitudo ya digrii 8 kusini, unaopita katikati ya miji hiyo miwili. Wanafunzi wangu waliligundua jambo hilo kabla yangu, walipoyalinganisha madaftari yao baada ya safari ya Iringa, nami nikalazimika kwenda kujisomea.

Baada ya hapo ndipo uangalie betri. Vifaa vya watembea kwa miguu vya miaka mingi vimetumia betri mbili za ukubwa wa AA, ambazo hupatikana katika kila kibanda kuanzia Kinyanambo hadi Nyololo. Tahadhari ni kwamba zile za bei ya chini kabisa, zifaazo saa ya ukutani, huisha upesi katika GPS, na baridi ya Juni huzimaliza upesi zaidi. Nunua za alkali, au zile za kuchaji kama shule ina umeme, na katika mipangilio ukiambie kifaa ni aina gani umetia, la sivyo kitakudanganya kuhusu kiasi kilichobaki. Kifaa chenye betri ya ndani peke yake si kibaya kwa mtu mmoja. Kwa kundi la watoto walio kilometa tatu kutoka barabarani nakipinga kabisa.

Kuhusu miti. Setilaiti za GPS, ambazo mpango wake wa msingi ni 24, huzunguka kwa urefu wa kilometa 20,200 hivi. Kila moja hutangaza saa yake, na kifaa hupima ishara imechukua muda gani kufika. Ishara hiyo husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Kifaa huhitaji kuona setilaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali na ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa yake yenyewe. Sasa ishara zinapopita katika matawi ya paini yaliyolowa maji hudhoofika, na nyingine hugonga vigogo na kufika zimechelewa. Vifaa vya zamani vilikata tamaa kabisa chini ya miti mikubwa. Vya baadaye vina masikio makali zaidi, na vingi husikiliza pia setilaiti za Urusi ziitwazo GLONASS, na hata za Ulaya ziitwazo Galileo. Mwenye kufundisha Mafinga au Njombe, au Tukuyu penye migomba na miti, na alipe kwa ajili ya masikio kabla ya kulipa kwa ajili ya rangi. Mwenye kufundisha kwenye uwanda wazi wa Pawaga anaweza kutojali.

Nilipokwisha kuyajua haya, mwaka 2019 nilinunua Garmin eTrex 10. Ni kifaa kidogo chenye skrini ya kijivu isiyo na rangi, betri mbili za AA, hakipokei ramani za ziada, na hustahimili kuzamishwa majini mita moja kwa nusu saa, jambo ambalo watoto walilijaribu bila kuniuliza. Hakina dira ya sumaku. Maana yake ni kwamba mshale wake hujua unakoelekea wakati unatembea tu, ukisimama, unatangatanga. Wengine huona hiyo ni kasoro. Kwa mafunzo nimeiona ni faida, kwani mtoto hulazimika kushika dira ya kawaida mkono wa pili. Ndugu zake, eTrex 22x na 32x, waliotoka mwaka huo huo wa 2019, wana skrini ya rangi na hupokea ramani, zikiwemo zile zitengenezwazo bure na watu wa kujitolea wa OpenStreetMap. 32x ina dira ya sumaku na barometa ya kupimia mwinuko. Kama shule ina mfadhili, chukua 22x. Kama ni mshahara wako, skrini ya kijivu inatosha, na juani inasomeka vizuri kuliko zile za rangi.

Aliye tayari kununua kilichotumika na akumbuke jambo moja zaidi. Saa za GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho zilianza upya usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani tangu hapo huonesha tarehe ya miaka karibu ishirini iliyopita. Mahali huweza kuwa sahihi hata hivyo, lakini tarehe ya kopo katika daftari itakuwa kichekesho. Kiwashe nje ya duka, chini ya anga, ungoje dakika kadhaa, utazame tarehe.

Mtaniuliza: na simu je? Ni swali la haki. Simu nyingi za leo zina GPS ndani yake, na kinyume cha wanavyodhani wengi, hupata mahali hata pasipo na mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ramani. Tena hapa hapa mkoani Iringa, katika kijiji cha Ilalasimba, tangu mwaka 2014 vijana wa kijiji walitumia simu kupima mipaka ya mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Mwalimu ambaye hana fedha na aanze na simu yake, atafute programu inayoonesha UTM na datumu. Ila simu ya mwalimu ina mambo ya mwalimu, wanafunzi wa msingi hawaruhusiwi kuja na zao, na chombo kitakachopita katika mikono kumi na miwili yenye tope na umande ni afadhali kisiwe kile unachopokelea mshahara.

Kuhusu somo lenyewe nitasema machache, kwa kuwa kila darasa lina hali yake. Vipindi vitatu vya kwanza usitoe kifaa kabisa. Watoto wapime hatua zao kwenye uwanja wa mpira, wajue hatua ngapi ni mita 100, wachore ramani ya shule, watumie dira. Kifaa kikija, kije kuhojiwa na ramani. Katika kundi la watu watano mmoja ashike kifaa, mmoja ramani, mmoja dira, mmoja ahesabu hatua, mmoja aandike, na kila kituo wabadilishane kazi. Niliweka sheria moja baada ya siku ile ya ukungu: mshika ramani ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema vitu havilingani, kundi linasimama, wala hapana wa kumcheka. Namba za kopo usizisome ramanini peke yake. Simama penye kopo, soma kifaa mara tatu kwa nyakati tofauti, na watoto watafute wastani. Ni hesabu ya darasa la sita, na watashangaa kuona namba za mahali pamoja zinavyotofautiana kwa mita tano au kumi.

Mahali pa kuficha pasiwe makaburini wala penye matambiko. Mwenyekiti wa kitongoji atakuambia palipo, ukimwuliza kwa adabu. Usichimbe. Kopo liandikwe jina la shule, mtu asije akalidhania kitu cha hatari. Miezi ya moto, kuanzia Agosti hadi mvua zinaponyesha, tuliuacha msitu na kucheza kando ya mashamba ya mahindi.

Kopo la Africafe nililirudisha mahali pale pale mwaka 2019, kwenye kijito, mwezi wa Mei. Safari hii nilitembea nyuma ya kundi, umbali wa kusikia mazungumzo yao. Yule binti alikuwa darasa la sita, na zamu yake ilikuwa ya kuandika. Walifika kwenye barabara ya kukinga moto, kijito kikasikika kabla ya kuonekana, na kifaa kikaandika kwamba kimebaki mita nane. Kisha mshale ukaanza kuzunguka hovyo chini ya matawi. Mshika kifaa alikitia mfukoni, wote wakainama wakaanza kutafuta mizizini. Kopo lilipatikana upande wa pili wa maji.

Aliyeandika alifungua kijitabu, akaandika tarehe, majina matano na namba za mahali. Chini ya namba, kwa herufi kubwa, akaandika ARC 1960, akapiga mstari. Kisha akanigeukia akaniuliza kama ameacha nafasi ya kutosha kwa kundi la pili.